Nimezidisha sawasawa, mbona saketi inakataa?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar. Tumefundishwa kwamba mifumo lineari (ukiongeza kinachoingia mara mbili, kinachotoka nacho kinaongezeka mara mbili) ikifuatana, funksheni ya uhamisho (uwiano wa kinachotoka kwa kinachoingia) ya mfumo mzima unaipata kwa kuzidisha funksheni za hatua moja moja. Nikatengeneza kichujio cha rizista ya kilo-omu 10 na kapasita ya maikrofaradi 1. Nikakipima kwa 16 Hz: naingiza volti 1, inatoka 0.7, kama tulivyofundishwa. Nikatengeneza pacha wake, nacho peke yake kikatoa 0.7. Nilipoviunganisha nilitarajia 0.5, osiloskopu ikaonyesha 0.33. Nimebadilisha kapasita mara mbili, nimerudi Kariakoo kununua rizista mpya, jibu ni lile lile. Halafu nikajaribu hatua mbili zisizofanana, moja ya kilo-omu 10 na maikrofaradi 1, nyingine ya kilo-omu 100 na maikrofaradi 0.1. Nilipogeuza ipi itangulie, volti iliporomoka, wakati tuliambiwa mpangilio hauna maana kwa kuwa kuzidisha hakujali nani yuko mbele. Mwenzangu anasema mgeuzo wa Laplace, ile hesabu tunayoipatia funksheni hizo, ni ya mtihani tu, kwenye saketi halisi haina kazi. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole kwa nauli za Kariakoo, maana rizista zako hazikuwa na tatizo. Wala kapasita. Hiyo 0.33 uliyoisoma ni theluthi moja, na ni jibu ambalo Laplace mwenyewe angekupa kama ungemuuliza swali zima. Wewe ulimuuliza nusu. Ulimwambia kuna mfumo wa kwanza na kuna mfumo wa pili, hukumwambia kwamba ulipoiunganisha, mfumo ule wa kwanza haukubaki kama ulivyoupima.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu naona kanuni ya kuzidisha umepewa kama dawa ya kumeza, bila kuambiwa inafanyaje kazi.

Kapasita inafuata sheria moja: mkondo wake ni C mara kasi ya kubadilika kwa volti. Hiyo "kasi ya kubadilika" ndiyo inayotutesa, maana inatuletea milinganyo ya kudiferenshia. Mgeuzo wa Laplace unaibadilisha kasi hiyo kuwa kuzidisha kwa s. Kapasita inageuka kuwa kitu kama rizista, chenye ukinzani wa 1/sC, na kuanzia hapo unafanya aljebra ya kidato cha pili. Kwa kichujio chako kimoja, gawanya volti kati ya R na 1/sC, unapata

H(s) = 1/(1 + sT), ambapo T = RC.

Kwako T ni sekunde 0.01, yaani milisekunde 10, na frikwensi ya kona (pale nguvu inaposhuka hadi nusu) ni 1 kwa 2πT, kama 15.9 Hz. Ndiyo maana kwa 16 Hz ulipata 0.7, au kwa usahihi zaidi 0.707.

Sasa, kwa nini hatua zikifuatana tunazidisha? Kwa sababu mfumo lineari usiobadilika na wakati una tabia moja ya ajabu: ukiulisha mawimbi ya umbo e^(st), unakurudishia umbo lile lile, limekuzwa au limepunguzwa tu, na kusogezwa kidogo kwenye wakati. Umbo halibadiliki. Kipimo cha kukuza huko ndicho H(s). Basi umbo likipita hatua ya kwanza linazidishwa kwa H1, yaani H ya hatua hiyo, na kwa kuwa kilichotoka bado ni umbo lile lile, hatua ya pili inalizidisha kwa H2. Ni kama kitenge kinachotoka kwa muuza jumla kikiongezwa asilimia 20, kisha muuza rejareja naye akaongeza asilimia 50: unazidisha 1.2 kwa 1.5, basi. Bila Laplace, kazi hii hii ungeifanya kwa integro ya konvolushani, na kwa hatua tatu au nne ungekesha.

Lakini huo mfano wa kitenge una sharti ndani yake ambalo halisemwi. Unadhani muuza jumla atabaki na bei yake, awepo muuza rejareja au asiwepo. Kama muuza rejareja akivuta mzigo mkubwa hadi ghala likapungua na bei ya jumla ikapanda, ile 1.2 uliyoiandika jana leo si kweli tena. Hicho ndicho kilichotokea kwenye ubao wako wa majaribio. Hatua ya pili inakunywa mkondo kutoka ya kwanza, na ya kwanza ina rizista ya kilo-omu 10 njiani, kwa hiyo kila mkondo unaovutwa unaishusha volti yake. Mafundi wa zamani tunasema hatua ya pili "imeilemea" ya kwanza.

Fanya hesabu yote ujionee. Ita volti ya kuingia V, ya katikati V1, ya mwisho V2. Mkondo uliopita rizista ya kwanza unagawanyika pale katikati: sehemu inaingia kapasita ya kwanza, sehemu inaendelea mbele hadi kapasita ya pili.

(V − V1)/R1 = sC1V1 + sC2V2
V1 = V2(1 + sR2C2)

Ondoa V1, utapata

V2/V = 1 / [1 + s(R1C1 + R2C2 + R1C2) + s²R1C1R2C2].

Itazame hiyo R1C2. Imechukua rizista ya hatua ya kwanza na kapasita ya hatua ya pili. Ungezidisha H1 kwa H2 usingeipata kamwe, kwa sababu haimo ndani ya hatua yoyote moja. Imezaliwa pale zilipounganishwa. Kwa pacha wako wawili, R1C1, R2C2 na R1C2 kila moja ni T, kwa hiyo chini unapata 1 + 3sT + s²T². Wewe ulitarajia 1 + 2sT + s²T². Weka sT = j (j ni kipeuo cha pili cha −1), ambayo ndiyo frikwensi yako ya kona. Ile 1 na ile −1 zinafutana, inabaki 3j badala ya 2j. Theluthi badala ya nusu. Osiloskopu haikukudanganya hata kidogo.

Usiamini aljebra yangu tu. Chomeka kipimio cha osiloskopu pale katikati, kwenye V1, hatua ya pili ikiwa imechomolewa: utasoma 0.707. Sasa irudishe hatua ya pili huku ukitazama skrini. Volti itashuka hadi kama 0.47. Chukua hiyo 0.47 uzidishe kwa 0.707 ya hatua ya pili: 0.33. Unaona? Kuzidisha kumefanya kazi vizuri kabisa. Ulichokosea ni kuzidisha H1 ya hatua iliyokuwa peke yake mezani, wakati hatua iliyopo kwenye saketi ni nyingine, imebebeshwa mzigo.

Kama mambo ya volti hayajakukaa, toka nje utazame simtanki. Nyumba nyingi za hapa mjini zina tangi mbili, kwa sababu maji yakija kwa mgao unataka kujaza ya kutosha. Kuna namna mbili za kuziunganisha. Ya kwanza: tangi A iko juu kwenye mnara, bomba lake linamwaga maji tangi B kwa juu, maji yanaanguka hewani. Hapo A haijui kama B ipo. Maji yanayotoka A yanategemea kina cha A peke yake, B ijae au iwe tupu. Ya pili: tangi zote ziko chini, zimeunganishwa matako kwa matako na bomba la chini. Hapo maji yanayopita yanategemea tofauti ya vina vyao. B ikipanda, inaizuia A. Ukiandika milinganyo ya tangi mbili zinazofanana, kwa namna ya kwanza utapata 2 katikati ya mlinganyo, mbele ya sT, kwa namna ya pili utapata 3, zile zile za kwako. (Kwa ukweli, maji yanayotoka kwenye tundu hayafuati kina kwa mstari ulionyooka, yanafuata zaidi kipeuo cha pili cha kina, kwa hiyo mlinganyo huu unashika kwa mabadiliko madogo tu kuzunguka kina fulani. Laplace hapendi vipeuo.)

Mimi mwenyewe niliwahi kuumbuliwa na jambo hili kiwandani. Kulikuwa na boya la kupimia kina cha tangi, lenye rizista ya kutelezesha, linapeleka volti kwenye kompyuta ya kudhibiti pampu kupitia kichujio kidogo. Lilifanya kazi miezi. Siku moja msimamizi akataka namba ionekane pia mlangoni, tukamfungia mita ya bei rahisi sambamba. Kuanzia hapo pampu ikawa inachelewa kuzimika na kina kinasomeka pungufu. Nilibadilisha boya, nikabadilisha waya, nikalaumu kompyuta. Siku ya tatu nikachomoa mita. Kila kitu kikarudi. Kwa hiyo safari zako za Kariakoo sizicheki.

Tuje kwenye mpangilio, maana hapa ndipo ulipofanya jaribio zuri kuliko unavyodhani. Hatua zako mbili zisizofanana zote zina T ile ile ya milisekunde 10. Ukitanguliza ya kilo-omu 10, ile R1C2 ni kilo-omu 10 mara maikrofaradi 0.1, yaani milisekunde 1, sehemu moja ya kumi ya T. Mbele ya sT unapata 2.1, na kwa frikwensi ya kona volti ni 1/2.1, kama 0.48. Karibu kabisa na 0.5 uliyoifundishwa. Geuza: sasa R1 ni kilo-omu 100 na C2 ni maikrofaradi 1. R1C2 imekuwa milisekunde 100, mara kumi ya T. Mbele ya sT unapata 12, na volti ni 1/12, yaani 0.083. Vifaa vile vile, idadi ile ile, na jibu limeanguka karibu mara sita. Kuzidisha kweli hakujali nani ametangulia. Kulemewa kunajali sana.

Na hata hatua zisipolemeana, bado nisingekubali hiyo "mpangilio hauna maana" bila kuuliza. Ukitanguliza kikuzaji kabla ya kichujio, kelele na mawimbi usiyoyataka yanakuzwa kwanza, na kikuzaji kinaweza kufika kwenye dari ya volti ya betri zake na kuyakata mawimbi vichwa. Kikishakata, mfumo si lineari tena, na H(s) haina la kukuambia.

Kuna kosa jingine la kuzidisha ambalo sijaliona kwenye barua yako, ila mwaka wa tatu mkifika kwenye udhibiti litakusubiri. Chukua hatua ya kwanza 1/(s − 1), na ya pili (s − 1)/(s + 2). Zidisha, zile s − 1 zinafutana, unabaki na 1/(s + 2), tulivu kama maji ya mtungi. Kwenye karatasi. Ndani ya mashine hatua ya kwanza ina ncha (thamani ya s inayofanya sehemu ya chini iwe sifuri) upande wa kulia wa sifuri, volti yake inapanda na kupanda, na hatua ya pili haiwezi kuifuta kabisa kwa sababu hakuna rizista iliyo sawasawa na namba iliyoandikwa ubavuni. Kitu kitaungua katikati ya mfumo ambao mtihani ulisema uko salama. Usifute ncha za upande wa kulia. Hata zikionekana kulingana mia kwa mia.

Sasa ufanye nini na kichujio chako? Inategemea unataka nini.

Ukitaka ile nusu, yaani hatua mbili zisizolemeana, weka bafa katikati: opampu (kikuzaji kidogo cha chipu) ambayo pato lake limerudishwa kwenye mguu wake wa kuingizia wenye alama ya hasi (−). Inaisoma V1 bila kuivuta mkondo wa maana, na inailisha hatua ya pili kutoka mfukoni mwake. TL072 inatosha, ina opampu mbili ndani ya kifurushi kimoja, na betri mbili za volti 9 zitaiendesha, moja upande wa chanya na moja upande wa hasi. Gharama yake ni kwamba sasa unahitaji umeme wa ziada, umeongeza kelele kidogo, na kitu kimoja zaidi kinachoweza kuharibika. Kwa kazi nyingi gharama hiyo naikubali bila kusita.

Ukitaka kukwepa opampu, fanya ulivyofanya bila kujua: hatua ya pili iwe na rizista mara kumi ya ya kwanza na kapasita sehemu ya kumi. Lakini hapo angalia kipimio chako. Osiloskopu kwa kawaida ina ukinzani wa mega-omu 1 mlangoni, na kilo-omu 110 zako zikikaa mbele yake, unapoteza kama asilimia 10 hata kwa volti isiyobadilika. Nayo imekuwa hatua ya tatu inayolemea! Tumia kipimio kilichowekwa kwenye ×10, ambacho kina mega-omu 10, hasara inashuka hadi kama asilimia 1.

Njia ya tatu ni kuiacha saketi kama ilivyo na kuhesabu kwa ukweli wake. Si aibu. Ila ujue umepata kitu gani. Pacha wako waliolemeana wana ncha mbili, moja kwenye −38 na nyingine kwenye −262 kwa sekunde, badala ya zote mbili kukaa kwenye −100. Ile ya −38 ndiyo inayoburuza mguu. Ukiwasha volti ghafla, saketi yenye bafa inafika asilimia 90 kwa milisekunde 39 hivi. Yako itahitaji kama 64. Na frikwensi ambapo nguvu inashuka kwa nusu si 15.9 Hz tena kwa yoyote kati ya hizo mbili. Yenye bafa inashuka kwenye 10.2 Hz, yako kwenye 6 Hz hivi. Wanafunzi wengi hudhani hatua mbili za 15.9 zinatoa kichujio cha 15.9. Hapana; kila hatua inakata kidogo, kwa hiyo mkato wa nusu unafika mapema.

Jambo dogo lakini la kuangalia leo leo: kama kapasita zako ni zile za silinda zenye mstari wa hasi ubavuni, hazipendi mawimbi yanayovuka sifuri kwenda hasi. Tafuta za filamu. Tena zile za silinda mara nyingi zinaruhusiwa kupotoka asilimia 20, kwa hiyo ukipata 0.30 au 0.36 usianze kuandika barua nyingine. Na kabla ya kupima mwitikio wa ghafla, unganisha miguu miwili ya kila kapasita kwa waya ili zimwage chaji yote, kwa sababu funksheni ya uhamisho imeandikwa kwa mfumo ulioanza ukiwa umepumzika.

Kwa mwenzako anayesema Laplace ni ya mtihani: mwulize simu za masafa marefu zilijengwaje. Miaka ya 1920 wahandisi wa kampuni ya simu ya Bell huko Marekani walikuwa na vikuzaji vingi vilivyofuatana kwenye waya mmoja, kila kimoja kikiongeza upotoshaji wake kidogo, na mwisho wa waya sauti ikawa uji. Harold Black, mmoja wao, alipobuni mrejesho hasi (kurudisha sehemu ya kinachotoka ili ipunguze upotoshaji) mwaka 1927 alikuwa anapigana na mfuatano huo huo. Desibeli, kipimo cha kukuza au kupunguza, nazo zilizaliwa katika kazi hiyo hiyo ya simu, kwa sababu logi inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na mtu anayehesabu hatua nyingi zinazofuatana anapenda kujumlisha. Michoro ya Hendrik Bode, inayoonyesha desibeli kwa kila frikwensi, utakayoichora muhula ujao inasimama hapo. Saketi yako, kwa desibeli, ilitakiwa kushuka 6 ikashuka 9.5. Hiyo 3.5 ya ziada ni R1C2, na Laplace ndiye aliyekuonyesha inatoka wapi.

Sasa nenda maabara na ufanye lile jaribio la katikati. Ukipata 0.47 au karibu yake, andika hesabu zote mbili, ya kuzidisha na ya kweli, umpelekee mwalimu wako ofisini. Sidhani kama atakasirika, na kama alisema "mpangilio hauna maana" huenda alisema pia "kama hazilemeani" na kalamu yako ikapitwa. Ukipata namba isiyo karibu na 0.707 wala 0.47, usiendelee kununua vifaa. Beba ubao ulivyo, bila kuchomoa waya hata mmoja, umwonyeshe fundi wa maabara, maana hapo pengine ni waya usioshika au ardhi ya osiloskopu iliyofungwa sehemu isiyo yake, na hayo hayaonekani kwenye barua.

Na kama baadaye utataka kuchuja kitu kinachotoka moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, usijaribu peke yako chumbani. Kapasita iliyolishwa volti 230 inabaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Hiyo ifanye mtu mwenye uzoefu akiwa amesimama pembeni yako.